Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Jino la mjukuu wangu lilihukumiwa dirishani

Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.
24 Machi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: MALIPO YA MATIBABU YA MENO KATIKA HOSPITALI ZA UMMA, NA WAJIBU WA DAKTARI KUMWELEZA MGONJWA

Mheshimiwa Waziri, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzee wa miaka 63, mkazi wa Tandika. Kazi iliyonilea ni utunza stoo, miaka 27 katika kiwanda kimoja cha Chang'ombe. Stoo ina sheria moja ambayo hata bosi haivuki: kitu hakitoki bila karatasi inayosema ni kitu gani, nani kaidhinisha, na anayekichukua anajua anachokisaini. Naanza na hilo kwa sababu Julai mwaka jana jino la mjukuu wangu lilitoka kinywani mwake, ndani ya hospitali ya umma, bila hata moja kati ya hayo matatu.

Sikukurupuka kuja hadharani. Tarehe 14 Agosti nilimpelekea mganga mfawidhi barua kwa mkono, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Tarehe 2 Oktoba niliandika halmashauri. Januari nikapiga ile namba ya malalamiko iliyobandikwa ukutani, na kijana mwenye adabu zake akaniambia suala langu linafanyiwa kazi. Mwezi Februari nikaandika tena, barua ya tatu. Hadi leo linafanyiwa kazi. Jina la hospitali silitaji hapa, lipo kwenye barua zote tatu. Sitaki mtu afukuzwe. Na kwa nilivyoulizia kwa majirani na kule msikitini, yaliyotukuta sisi yamewakuta wengi, tena katika hospitali tofauti, kwa hiyo kulitaja moja ni kulionea.

Nieleze yaliyotokea, kwa kifupi ninavyoweza.

Mjukuu wangu naishi naye tangu akiwa na miaka miwili. Alipokuwa na miaka 8 aliota kitobo cheusi kwenye gego la chini, upande wa kulia. Kidogo, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nikampeleka. Daktari akasema linazibika, ila dawa ya kuzibia imeisha, turudi wiki ijayo. Tukarudi, haijaja. Tukarudi mara ya tatu, ikawa imekuja lakini kompresa ya kiti imekufa. Nauli ya watu wawili mara tatu, na siku tatu za shule. Nakiri, baada ya hapo nikalegea. Mtoto halalamiki, na mimi nikajiambia hili ni jino la utoto tu, litang'oka lenyewe.

Julai likaamka. Shavu lilivimba usiku mmoja mpaka jicho likabana. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulishakuwa kwenye benchi. Kumwona daktari, shilingi 6,000. Daktari akamwangalia, nadhani haikufika dakika mbili, akaandika kikaratasi: eksirei. Dirishani, 10,000. Tukapiga, tukarudi. Akaishika ile picha kwenye mwanga wa dirisha, akaandika kikaratasi kingine chenye herufi tatu za Kiingereza, akasema, "Baba, kalipie, mje."

Dirishani dada akabofya, akanigeuzia kioo cha kompyuta: 150,000. Mfukoni nilibakiwa na 24,000. Nikamuuliza, mwanangu, hii ni ya nini? Akasema ni kutibu mzizi wa jino halafu kuliziba, mtakuja kama mara tatu. Nikamuuliza, hakuna njia nyingine? Akanijibu bila ubaya wowote, kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma: "Ipo mzee wangu. Kung'oa ni 15,000."

Nikalipa 15,000.

Tuliporudi ndani, daktari aliangalia risiti. Hakuuliza mbona nimebadilisha. Alivaa glavu, akapiga ganzi, akamng'oa mtoto kwa mkono mwepesi kweli, sina lawama na mkono wake. Kabla ya hapo nilipewa fomu nisaini, ukurasa mzima wa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kusoma lebo za marobota. Nikasaini. Dawa za kumeza hazikuwepo, tukanunua duka la nje, 7,500. Mtoto akalifunga jino lake kwenye pamba, akaenda nalo nyumbani, na jioni akalirusha juu ya bati kama watoto wanavyofanya, apate jipya.

Mheshimiwa, nimelisubiri hilo jipya pamoja naye miezi minane.

Juzi, tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, kulikuwa na mahema ya upimaji wa bure uwanjani. Nikampeleka. Binti mmoja mwanafunzi wa udaktari wa meno akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, akamulika kwa tochi, akanigeukia. "Babu, hapa hapaoti jino. Lile lilikuwa la ukubwani." Akanieleza taratibu kwamba magego ya kwanza ya kudumu huota mtoto akiwa na miaka kama 6, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila kusukuma jino lolote, ndiyo maana wazazi wengi hatujui kama yameingia. Likitoka, la nyuma yake hulalia kwenye pengo, na la juu yake, lisilo na mwenzake wa kugusana naye, hushuka pole pole.

Mtoto alikuwa anasikia. Sikuwa nimefikiria kumtoa nje.

Sasa, hoja zangu.

1. Uamuzi wa kitabibu umefanywa na mtunza fedha. Simlaumu yule dada, yeye ndiye mtu pekee siku ile aliyeniambia kwamba kuna njia mbili. Lakini hajasomea meno. Aliyesomea alijua kwamba lile ni jino la kudumu la mtoto wa miaka 9, alijua kwamba herufi zake tatu zina bei ya 150,000, na kwa mavazi yangu tu angeweza kukisia kama ninazo. Alitutuma dirishani tukapambane huko. Tuliporudi na risiti ya kitu kingine kabisa, akatekeleza risiti. Nauliza kwa heshima: katika hospitali ya umma mgonjwa anatibiwa kwa cheti cha daktari au kwa risiti?

2. Bei yenyewe inang'oa meno. Kung'oa 15,000, kutibu 150,000. Mtu wa Tandika au Gongo la Mboto akisimama mbele ya namba hizo mbili, jino limeshatoka kabla ya ganzi. Nina dada yangu Uingereza, mjini Leicester, analea wazee. Nilipomtumia haya kwa sauti alinirudishia ujumbe mrefu. Huko England, kwenye huduma ya umma, malipo ya meno yamepangwa kwa ngazi tatu tangu Aprili 2006. Ngazi ya pili, ambayo Aprili 2025 ilipangwa kuwa pauni 75.30, inabeba kuziba, kutibu mzizi na kung'oa, vyote humo humo. Wakikuziba moja au manne kwenye matibabu hayo hayo, bei ni ile ile. Kwa hiyo mgonjwa akichagua kung'oa, si pochi iliyomchagulia. Mtoto wa chini ya miaka 18 halipi kitu. Na kuna la zaidi lililonifurahisha mimi kama mtu wa stoo: jino lililozibwa likiharibika ndani ya miezi 12, daktari yule yule kwa kawaida analirudia bure. Dhamana, kama ya redio.

Dada yangu hakunificha mabaya yake. Kupata daktari wa meno anayepokea wagonjwa wa umma huko ni kazi, yeye mwenyewe aliandikishwa na kungoja mpaka akakata tamaa. Na hata wao walianza na bure tupu Julai 1948, na haikufika miaka minne wakaanza kutoza, hadi waziri mmoja, Aneurin Bevan, akajiuzulu mwaka 1951 kwa sababu ya uamuzi wa kutoza meno ya bandia na miwani. Sikuombi pauni zao. Nimechukua kwao wazo moja tu, kwamba bei inaweza kupangwa isimsukume mtu kwenye koleo.

3. Msamaha wa watoto unaishia pabaya. Hili naomba ulisome mara mbili, Mheshimiwa. Utaratibu wetu unamtibu bure mtoto wa chini ya miaka 5. Ni jambo jema na limeokoa wengi, sina haja ya kulisifu zaidi. Lakini kwa upande wa meno, maana yake ni hii: serikali inagharimia meno yale yote ambayo yataanguka yenyewe, na inajitoa mwaka mmoja kabla halijaota hata moja kati ya yale yatakayobaki. Gego la kwanza la kudumu linaingia mtoto akiwa na miaka 6, akiwa darasa la kwanza, anapoanza kupewa hela ya kununua ubuyu na kashata getini. Wakati ule ule ndipo anapoanza kulipa kama mtu mzima.

Kuna kichekesho hapa. Mimi babu mtu nina kitambulisho cha mzee. Nikienda kung'oa mojawapo ya meno yangu 19 yaliyobaki, silipi. Yeye ambaye Mungu akimjalia atatafuna kwa miaka 60 ijayo ndiye aliyelipa. Ningeweza kumpa msamaha wangu ningempa.

4. Misamaha mingine hakuna anayeijua vizuri, na dirisha linaitafsiri linavyotaka. Jirani yangu, mjamzito wa miezi saba, fizi zikivuja damu na jino likimkesha, aliambiwa msamaha wake ni wa kliniki ya uzazi, meno hayamo. Mwingine, mtaa wa pili, hospitali nyingine, alitibiwa bila kulipa. Wote wawili wajawazito, wote wa Temeke. Mimi niliambiwa kung'olewa bure ndiyo, meno ya bandia hapana. Inawezekana ndivyo utaratibu ulivyo, sina ugomvi, ila nionyeshwe ulipoandikwa.

Na ule msamaha wa asiyejiweza, unaopitia kwa afisa ustawi wa jamii? Niliambiwa habari zake wiki mbili baada ya tukio. Hata ningeujua, unahitaji barua ya serikali ya mtaa, na jino lenye usaha halingoji mtendaji atoke kwenye kikao.

5. Karatasi. Hapa nitakaa kidogo, ndiyo fani yangu.

Ninazo risiti zote nne mbele yangu ninapoandika, ukiacha ya duka la dawa ambayo ni kikaratasi cha daftari. Kila moja ina kontroo namba, jina la aliyepokea fedha, tarehe, saa, dakika na sekunde. Ile ya kung'oa ni ya saa 4:52 asubuhi na sekunde 17. Serikali inajua kwa sekunde ni lini 15,000 yangu iliingia. Sasa nioneshe karatasi inayosema ni jino gani lilitolewa. Risiti inasema tu "huduma ya meno". Kadi ya mtoto ina neno moja na mstari wa wino. Jina la daktari halipo popote, wala hakuwa amevaa kitambulisho. Stoo ya sufuria ina kumbukumbu nzuri kuliko hii.

Halafu ile fomu ya kukubali matibabu. Bunge lilibadilisha sheria mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Mshitakiwa wa wizi wa kuku leo anasomewa kwa lugha anayoielewa. Babu anayeruhusu mjukuu wake akatwe sehemu ya mwili anasaini Kiingereza.

6. Vifaa. Nimeieleza ile safari yetu ya mara tatu kutafuta dawa ya kuzibia, sirudii. Ila yule binti wa kwenye hema aliniambia kitu kilichoninyima usingizi. Kuna namna ya kuziba jino kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine ya kutoboa, bila umeme, bila hicho kiti chenye kompresa. Unakwangua sehemu iliyooza, unajaza dawa iitwayo glasi ayonoma. Inatumika duniani kote leo, mashuleni na vijijini. Ilianzia wapi? Hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwenye mpango wa afya ya meno ya jamii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaiweka dawa hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Yaani siku ile kompresa ilipokufa, kulikuwa na njia iliyobuniwa kwetu kwa ajili ya siku kama ile.

Najua majibu yatakayokuja, maana mengine nimeshajibiwa kwa mdomo kwenye korido. Niyatangulie.

Mtasema vifaa vya meno ni ghali na vinatoka nje. Nakubali. Sijasema 150,000 ni wizi, inawezekana kabisa hospitali haipati faida hata senti. Lakini kuniambia "babu, hili ni jino la ukubwani, ukiling'oa halirudi" kunaagizwa kutoka nchi gani? Ningeambiwa hivyo ningeomba siku mbili. Ningekopa kwenye kikoba. Ningeuza ile baiskeli. Ningepiga simu Leicester. Ningeshindwa pia, inawezekana, lakini ningeshindwa nikijua ninachokipoteza.

Mtasema madaktari wa meno ni wachache na foleni ni ndefu. Ni kweli, nilikaa kwenye hiyo foleni. Jiji hili kwa sensa ya 2022 lina watu zaidi ya milioni 5, na yule daktari siku ile alikuwa peke yake na tabibu mmoja, benchi zima linaugulia maumivu. Namwonea huruma. Ila hesabu ya muda irudiwe: mimi nimeingia chumbani kwake mara tatu na kutoka mara tatu kwa sababu ya vikaratasi na dirisha. Angeniambia njia zote na bei zake mara ya kwanza, tungeokoa safari moja nzima.

Mtasema watu wenyewe wanapenda kung'oa. Hapa mmenipata kidogo. Sisi wenyewe tunasema dawa ya jino ni kung'oa, na mimi nimelisema hilo kiwandani mara ngapi sijui, nikimcheka mwenzangu aliyefunga kitambaa shavuni. Lakini tabia hii haikushuka na mvua. Mwaka 1988 nilizibwa gego langu la juu katika kliniki ya serikali hapa hapa mjini, sikutoa hata senti moja. Lile zibo la rangi ya risasi bado limo kinywani mwangu, nalitafunia karanga. Uchangiaji gharama ulipoingia mwaka 1993, mtu wa kipato changu akaanza kupiga hesabu kabla ya kufungua mdomo. Tukishazoea kwamba linalowezekana ni kung'oa tu, mnasema tunapenda.

Mtasema bima ya afya kwa wote ndiyo jibu, maana sheria yake ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Naiombea heri. Lakini bima inalipa kilichoandikwa kwenye kitita chake, na daktari asiyeeleza ataendelea kutoeleza awe analipwa na mimi au na mfuko. Tulishuhudia Machi 2024 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoleta kitita kipya cha bei na hospitali binafsi zikagoma kuwapokea wenye kadi. Mgonjwa alisimama katikati na kadi yake mkononi.

Na kuna jibu moja la mwisho, ambalo ndilo nililolisikia zaidi: hospitali za wilaya na vituo vya afya viko TAMISEMI, kwa wenye tawala za mikoa na serikali za mitaa, za rufaa za mikoa ziko wizarani, nidhamu ya daktari iko Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa hiyo barua hii nimeinakili kote. Mkutane nyinyi kwa nyinyi, sisi hatuna nauli ya kuwakutanisha.

Ninachoomba, Mheshimiwa:

(a) Bei za huduma za meno zibandikwe kwa Kiswahili mlangoni mwa chumba cha meno, na ziwe bei za matibabu mpaka mwisho, si za kipande kipande. Mtu ajue kabla hajakaa kwenye kiti.

(b) Iandikwe kanuni kwamba daktari au tabibu wa meno ndiye anayemweleza mgonjwa njia zilizopo, hasara ya kila moja na bei yake, kabla hajamtuma dirishani. Mgonjwa akirudi na malipo ya huduma tofauti na iliyoandikwa, daktari amuulize kwa nini. Swali moja tu.

(c) Fomu ya kukubali matibabu iwe ya Kiswahili, na kwa mtoto iwe na mstari unaosema wazi: jino la utoto, au jino la kudumu. Jina la anayetibu liandikwe humo. Fomu ya nusu ukurasa inatosha, nipo tayari kuichora mwenyewe.

(d) Msamaha wa watoto, kwa kuangaliwa meno na kuzibwa, upandishwe hadi mtoto amalize shule ya msingi. Kama fedha haitoshi kwa yote, basi magego manne ya kwanza tu. Manne, Mheshimiwa. Na dawa ya kuzibia kwa mkono isikosekane Bohari ya Dawa.

(e) Utolewe waraka mmoja unaosema mjamzito, mzee na asiyejiweza wanapata nini na hawapati nini kwenye meno, ubandikwe dirishani upande wa mgonjwa, si upande wa karani.

(f) Baraza litueleze, kwa lugha ya watu, mgonjwa anapelekaje lalamiko kuhusu daktari wa meno chini ya sheria ya mwaka 2017 inayowasimamia, na linajibiwa ndani ya muda gani. Wengi wetu tunadhani Baraza ni la mambo ya vifo.

Fidia siombi. 38,500 zangu zimeshakwenda.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Anwani yangu na namba ya simu zipo kwenye barua ya tarehe 14 Agosti, ile yenye muhuri. Binti wa kwenye hema aliona pia kidoa cheusi kwenye gego la kushoto, bado kidogo. Jumanne nitampeleka mtoto hospitali ile ile, kwa daktari yule yule kama yupo zamu, na safari hii sitaondoka chumbani kwake mpaka aniambie ni jino gani, lina njia ngapi, na kila njia shilingi ngapi. Daftari ninalo.

Wako mtiifu,

Babu wa Tandika,
mtunza stoo mstaafu

Nakala:
Waziri wa Nchi, TAMISEMI
Mganga Mkuu wa Serikali
Msajili, Baraza la Madaktari Tanganyika
Mganga Mkuu wa Mkoa, Dar es Salaam
Mganga mfawidhi (anajijua)